Paka Tisa Kwenye Kioo cha Simu: Tahakiki ya Mchezo Usio na Maneno

Wasomaji wa safu hii wamezoea kukuta humu tahakiki ya riwaya, tamthilia au diwani. Safari hii tunawaomba radhi, kwani tunahakiki mchezo wa simu. Tena si mchezo wenye hadithi na wahusika tunaoweza kuwachambua kwa nadharia tulizofundishwa tukisomea shahada ya uzamili. Ni fumbo la tarakimu la aina ya sudoku, ambalo watengenezaji wake wameziondoa tarakimu zote na mahali pake wakaweka paka. Mwenzetu mmoja idarani alipopata habari za makala haya alituuliza kama vitabu vimetuishia. Havijatuishia. Ila kwa wiki tatu sasa mchezo huu umetuzulia maswali ya sarufi ambayo riwaya hazijatuzulia kwa miaka mingi.

Kwa asiyeijua sudoku, maelezo ni mafupi. Kuna mraba wenye safu mlalo tisa na safu wima tisa, yaani visanduku 81. Mraba huo umegawanywa katika miraba midogo tisa, kila mmoja una visanduku tisa. Baadhi ya visanduku vimekwisha kujazwa. Kazi ya mchezaji ni kujaza vilivyobaki ili kila safu na kila mraba mdogo upate alama zote tisa, bila hata moja kurudiwa. Katika toleo tulilolicheza alama hizo ni paka: mweupe, mweusi, mwekundu (kwa kweli ni wa rangi ya chungwa, lakini Kiswahili kinatuvumilia), wa kijivu, wa kahawia, wa mistari, wa madoadoa, wa rangi tatu, na mmoja asiye na manyoya kabisa. Ukimweka paka mahali pake hulia kidogo. Ukimaliza mraba wote, wanajikunja na kulala. Muziki ni wa taratibu, hakuna saa inayokukimbiza, wala hakuna anayekufa. Hatulitaji jina la biashara la programu hiyo kwa sababu za namna hii ni nyingi na hutofautiana kwa rangi na muziki tu. Tunachokihakiki hapa ni aina yenyewe.

Wapo watakaosema kuwa kuondoa tarakimu ni kuiharibu sudoku. Historia yake haiwaungi mkono. Mwanahisabati Euler, aliyeishughulikia miraba ya namna hii katika karne ya 18, alitumia herufi za Kilatini, na ndiyo maana hadi leo huitwa miraba ya Kilatini. Fumbo lenyewe kama tunavyolijua lilibuniwa na Howard Garns, msanifu majengo mstaafu wa Marekani, na likachapishwa huko mwaka 1979. Mwaka 1984 kampuni ya Nikoli ililipeleka kwa wasomaji wa Japani, na Maki Kaji, aliyefariki mwaka 2021, akalipa jina refu ambalo baadaye lilifupishwa kuwa sudoku. Maana ya jina hilo refu ni kwamba kila tarakimu sharti ibaki kapera. Novemba 2004 gazeti la The Times la London lilianza kulichapisha, baada ya Wayne Gould, jaji mstaafu aliyekuwa amefanya kazi Hong Kong, kuandika programu ya kompyuta ya kuyatunga mafumbo hayo. Katika safari yote hiyo hakuna mahali ambapo mchezaji alitakiwa kujumlisha wala kutoa. Tarakimu zilikuwa majina tu. Paka wamekuja kuonyesha jambo ambalo lilikuwa kweli tangu mwanzo.

Mwaka 2005 wataalamu wawili walikokotoa idadi ya miraba iliyojaa inayowezekana wakapata 6,670,903,752,021,072,936,960. Tulijaribu kuisoma namba hiyo kwa Kiswahili mbele ya darasa, tukakwama baada ya trilioni.

Sasa tuje kwenye uhakiki. Tunaishi Gudele, upande wa magharibi wa jiji la Juba, na mchezo huu tuliucheza hapo kwanza peke yetu, usiku, kuanzia kama saa mbili, jenereta ya jirani ikinguruma na mbwa wa mtaa wakijibizana. Mchezo unajinadi kuwa unatuliza akili. Tunakiri kuwa unatuliza. Msomaji aliye mbali huenda akaliona hilo kuwa jambo dogo. Gudele ni miongoni mwa mitaa iliyoguswa na mapigano ya Desemba 2013, na risasi zikasikika tena Julai 2016. Familia nyingi zilihama, nyingine hazijarudi. Mahali kama hapa saa moja ya usiku inayopita bila mtu kuwaza lolote isipokuwa paka wa kijivu anakaa wapi si kitu cha kubezwa, na sisi hatuibezi.

Hata hivyo, kutuliza peke yake si sifa ya kutosha. Usingizi nao unatuliza. Kasoro ya kwanza tuliyoiona ni kitufe cha kidokezo. Ukikibonyeza, mchezo unakuwekea paka mwenyewe, bila kukueleza kwa nini amekaa pale. Mtu anaweza kuumaliza mraba mzima kwa kubonyeza, na paka wakalala vilevile kana kwamba ameshinda. Sudoku iliyotungwa vizuri ina jibu moja tu, nalo hufikiwa kwa hoja. Mwaka 2012 wataalamu wa Ireland walithibitisha kwa kompyuta kwamba haiwezekani kuwa na jibu moja tu iwapo visanduku vilivyojazwa awali ni pungufu ya 17. Uzuri wake wote uko kwenye njia ya kufika. Kumpa mchezaji jibu bila hoja ni sawa na kumsimulia mtu mwisho wa hadithi ya upelelezi, kisha ukampongeza kwa kuisoma.

Kasoro ya pili ni matangazo. Kila baada ya mraba mmoja au miwili muziki wa taratibu hukatwa na kelele za mtu anayeuza kitu tusichokihitaji, na bando letu ndilo linalolipia. Dawa tuliyoigundua ni kuzima intaneti kabla ya kucheza.

Ya tatu ni paka wenyewe. Mchana, chini ya jua la Juba, paka wa kahawia na yule wa rangi tatu hawatofautiani kwenye kioo cha simu ya bei nafuu. Aidha, wote ni wa ndani ya nyumba: wamelalia makochi, wanachezea mafundo ya sufi, mmoja amevaa miwani. Paka wa Gudele ana kazi. Analinda unga na mtama dhidi ya panya, na ikimlazimu hupigana na paka shume wa jirani juu ya mabati usiku kucha. Fasihi yetu pia haikumchora paka kuwa kiumbe wa kutuliza watu tu. Katika hadithi ya Sultani Majinuni, iliyomo kwenye mkusanyo wa Edward Steere wa mwaka 1870, paka anaanza kwa kumla ndama, sultani anakataa auawe kwa kuwa paka ni wake na ndama ni wake, basi paka anaendelea na wanyama wengine mpaka anafikia watu, na hapo tayari amekuwa nunda. Hatusemi nunda awekwe kwenye sudoku. Tunasema tu kwamba mchoraji aliyetaka kutupa paka tisa wenye sura tofauti alikuwa na mengi ya kuchagua, naye akachagua kochi.

Tungeishia hapo, na makala haya yangekuwa nusu ukurasa, kama si Jumamosi moja ambapo wanafunzi wetu wawili walipita nyumbani kuchukua kazi zao zilizosahihishwa. Mmoja ni kijana aliyekulia katika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Kiswahili amekinywa huko tangu utotoni, akakiongea uwanjani na sokoni. Mwingine ni mama wa watoto watatu ambaye hajawahi kuishi nje ya Juba. Lugha yake ya mtaani ni Kiarabu cha Juba, na Kiswahili amekipata darasani baada ya nchi yetu kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Mvua ilianza, bodaboda zikapotea barabarani, wakabaki kibarazani. Tukawapa simu moja wachezee huku tukimalizia kusahihisha.

Hapakupita dakika tano kabla hatujaweka kalamu chini.

"Hapa zimebaki paka mbili," alisema kijana.

"Wamebaki paka wawili," alijibu mama.

"Dada, mimi nimeongea Kiswahili tangu nikiwa mtoto."

"Na mimi nimekisomea ukubwani, ndiyo maana nasema wawili."

Walitugeukia tuamue. Kwa sarufi sanifu mama alikuwa sahihi, nasi tulisema hivyo. Paka ni nomino ambayo umbo lake halibadiliki kati ya umoja na wingi, lakini kwa kuwa ni kiumbe hai huchukua upatanisho wa A-WA: paka amekaa, paka wamekaa. Lakini tuliona jambo ambalo hatukulitarajia. Kama wangekuwa wanacheza sudoku ya gazetini, ugomvi huo usingetokea. Namba ziko katika I-ZI: namba mbili, namba tatu, namba nane, na huko kivumishi cha idadi hakionyeshi kiambishi cha kumfichua mzungumzaji. Mtu anaweza kucheza sudoku ya tarakimu kwa Kiswahili mwaka mzima na mwalimu asijue kama anaujua upatanisho au haujui. Paka wakiingia tu, kila sentensi inakuwa mtihani: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano.

Mvua ikaendelea. Mama akahesabu safu ya chini, akasema kwa kujiamini, "Paka wasita wameshakaa." Safari hii kijana ndiye aliyecheka. Kakuma walisema paka sita, na Kakuma walikuwa sahihi.

"Mwalimu," mama aliuliza, "kwa nini wanne na watano wanavaa, na sita havai?"

Kwa miaka mingi swali hilo tumelijibu kwa maneno ambayo hatuoni fahari kuyarudia: ndivyo ilivyo, kariri. Kabla hatujayatamka alikwisha kuanza kujijibu mwenyewe. Alihesabu kwa Kiarabu cha Juba, polepole, kwa vidole: wahid, tinen, talata, arba, kamsa, sita, saba. Akanyamaza. Kisha akasema, "Haya ni maneno ya kwetu. Yamefika kwenu yakiwa watu wazima, yamekataa kuvishwa."

Tumesoma vitabu kadhaa vya sarufi, na hatukumbuki kimoja kilicholieleza jambo hilo kwa uchache huo wa maneno. Sita, saba na tisa zimetoka katika Kiarabu na hazichukui kiambishi. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane ni za Kibantu, nazo huchukua. Lahaja za kale zilikuwa na tandatu kwa sita na kenda kwa tisa. Fungate, ambayo leo tunaitumia kwa siku za mwanzo za maharusi, imebeba ndani yake hesabu ya siku saba. Rangi nazo zinafuata mkondo wa karibu na huo, na hili tulilitambua tukiwatazama paka hao hao: mweupe, mweusi na mwekundu wanavaa viambishi, lakini wa kijivu na wa kahawia wanasubiri kiunganishi cha A-unganifu ndipo wapite.

"Na kumi je?" aliuliza kijana. "Kumi nayo ni ya Waarabu?"

Si ya Waarabu. Ni ya Kibantu, lakini haivai. Tulieleza kwamba kumi ina tabia ya nomino, ndiyo maana tunasema makumi, na kwamba upatanisho hurudi mara tu idadi inapopita hapo: paka kumi na mmoja, paka kumi na wawili. Kijana aliitikia kwa adabu. Uso wake ulionyesha kuwa ameipenda zaidi kanuni ya mama, na sisi pia tungeipenda zaidi kama si kumi.

Halafu kuna suala la masharti. Sudoku haichezwi kwa kueleza yaliyopo tu. Inachezwa kwa kudhani. Mchezaji akinyamaza, dhana hizo hubaki kichwani. Wakiwa wawili kwenye simu moja, hakuna anayemruhusu mwenzake kugusa kioo bila sababu, kwa hiyo dhana hutoka mdomoni. Tuliandika baadhi ya sentensi tulizozisikia: "Mweusi akikaa hapa, wa mistari atakosa nafasi." "Asipokaa hapa atakaa wapi?" "Kama wa kijivu angekuwa kwenye safu hii, tungekwisha kumwona." Ndani ya nusu saa tulihesabu matumizi ya -ki-, -sipo- na -nge- mengi kuliko tunayoyapata katika insha za muhula mzima. Makosa yalikuwapo, hususan kijana kusema "mweusi ingekuwa", na kila kosa lilikamatwa na mwenzake kabla yetu. Mama, ambaye darasani huongea akiulizwa tu, alimkatiza kijana mara nne.

Hapa ndipo tunaposhindwa kukubaliana na sifa ambayo mafumbo haya hupewa, kwamba hayahitaji lugha yoyote na ndiyo maana yameenea duniani kote. Ni kweli kwa mchezaji aliye peke yake. Lakini sifa hiyo ni pungufu pia. Tuulinganishe na bao la kete la pwani, lenye mashimo 32 na kete 64. Bao lilikuja na msamiati wake: kuna namua na mtaji, kuna kutakata, kuna nyumba, kichwa na kimbi, na kete zikiishia kwenye shimo tupu mchezaji amelala. Anayejifunza bao analazimika kujifunza maneno hayo, na watazamaji wanaolizunguka wanayatumia kumshauri, kumkejeli na kumsumbua. Paka tisa wa simu hawana hata neno moja. Hakuna jina la mbinu, hakuna jina la kosa, hakuna hata jina la paka. Wanafunzi wetu walilazimika kuyabuni papo hapo: safu iliyobakiza nafasi moja waliiita "mlango", na paka asiye na manyoya akaitwa "kipara". Kwa mizani ya uhakiki hilo ni pengo katika kazi yenyewe, na hatuwezi kulihesabu kuwa sifa ya mtengenezaji kwa sababu tu wachezaji wawili wa Gudele walilijaza. Bao limejaa maneno kwa kuwa limechezwa hadharani vizazi na vizazi. Mchezo huu umetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyeinamia simu, na ukiachwa hivyo utabaki bubu.

Hukumu yetu basi ina pande mbili zisizolingana. Kama kiburudisho cha mtu peke yake, mchezo ni safi, mwepesi, na unasahaulika kesho yake. Kama kifaa cha somo la mazungumzo tunaupendekeza kwa walimu wa mwaka wa kwanza, kwa sharti kwamba simu iwe moja kwa watu wawili, intaneti izimwe, na kitufe cha kidokezo kiwe haramu. Nasi tumeongeza kanuni moja: hakuna kugusa kioo mpaka sentensi ikamilike na mwenzako aikubali. Tuliijaribu Jumamosi mbili zilizofuata kwa wanafunzi sita. Mraba mmoja ulichukua saa nzima, jambo ambalo mtengenezaji bila shaka hakulikusudia.

Limebaki jambo moja lililotukosesha utulivu ambao mchezo ulituahidi. Kijana wa Kakuma alifeli swali la upatanisho katika mtihani wa muhula uliopita. Ndiye anayeongea Kiswahili haraka kuliko wote darasani, anatania nacho, anagomba nacho, na kwenye karatasi yetu alipata alama ndogo kuliko wenzake waliokariri majedwali. "Paka mbili" yake si uzembe. Ni Kiswahili cha maelfu ya watu waliokuzwa kambini na mijini Kenya, chenye utaratibu wake, na wengi wao sasa wanarejea Juba na kuomba nafasi katika idara yetu. Tunawafundisha usanifu, na hatuna nia ya kuuacha. Lakini mtihani unaomweka mtu kama yeye chini ya mtu asiyeweza kuomba maji kwa Kiswahili una kasoro, na mtunzi wa mtihani ule ni sisi wenyewe. Tumependekeza idarani kuwa kuanzia muhula ujao sehemu ya mazungumzo ipewe alama sawa na sehemu ya maandishi. Wenzetu wawili wamepinga, na hoja zao si dhaifu.

Kijana ametuomba tuandike matokeo ya mjadala huo katika toleo lijalo. Tumemwambia aandike yeye. Amekubali, na ameuliza kama anaruhusiwa kuanza na paka wawili au paka mbili.